Kabla ya kuitembeza ramani, uliza maji yalikuwa wapi

Ramani yangu ya kwanza yenye mwendo niliwaonyesha wavuvi wa Malindi bandani kwao, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe. Nilikuwa nimekusanya picha za setilaiti za Landsat, ambazo tangu 2008 hupatikana bure. Nilichora ukingo wa ufuo katika kila picha, kisha nikazipanga zipite moja baada ya nyingine. Ukingo ukawa unatoka na kuingia, unatoka na kuingia. Nikaeleza kwa uhakika kabisa kwamba mchanga wa mto Sabaki unausogeza ufuo wetu baharini.

Nahodha mmoja mzee akaniomba nirudishe nyuma kidogo, nisimamishe. Akauliza tarehe, akahesabu mwezi kwa vidole.

"Mwanangu, hii ilikuwa bamvua. Hapo mchanga haujaenda popote. Maji yamepwa."

Alisema kweli, na sababu yake kila anayechora ramani za pwani yetu anapaswa kuijua. Landsat hupita juu yetu asubuhi, kwenye saa nne hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa hizo ndipo maji hupwa hapa kwetu. Siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa zile zile maji huwa yako juu. Bamvua ina tofauti ya mita 3 na zaidi kati ya kujaa na kupwa, na ghuba ya Malindi ni bapa, kwa hiyo mita hizo hufunua uwanja mzima wa mchanga. Nilichowatembezea wazee wale kilikuwa mwezi.

Basi anza na jedwali la saa za maji kujaa na kupwa, kabla hata ya kufungua programu. Niliporudia kazi, nilibakiza picha ambazo kimo cha maji kilikaribiana, zote za Januari na Februari wakati wa kaskazi, mawingu yanapopungua. Zilibaki 7. Zilipopita, ufuo ulitoka upande mmoja tu, polepole, bila kurudi. Usione uchungu kutupa picha nzuri.

Wala usijaze mapengo. Programu nyingi za video hukubali kubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini. Mtazamaji hajui kwamba zimebuniwa. Ataamini ufuo ulikuwa pale mwaka ambao hukuupima. Iache ramani iruke kutoka mwaka hadi mwaka.

Ramani ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi. Nilitaka ionekane namna tope la Sabaki linavyohusiana na upepo. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupita Tsavo ukiitwa Galana, na hutufikia umebeba udongo wa njia nzima. Upepo wa kusi hulisukuma tope kaskazini, kuelekea ghuba ya Ungwana. Kaskazi hulirudisha kusini, Malindi, hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968. Kwa hili nilitumia setilaiti za Sentinel-2, zenye picha za kila siku 5, ambazo kila nukta ya picha ni mita 10 za ardhi.

Mwanzoni niliweka kila kitu: mvua, mashua, mishale ya upepo pembeni. Watu wakatazama mashua. Nikaziondoa. Mshale wa upepo nao nikauhamisha kutoka pembeni hadi mdomoni mwa mto, pale pale tope linapotokea, kwa sababu jicho haliwezi kulinda sehemu mbili kwa pamoja. Ulipogeuka mshale, watu waliliona tope likigeuka nao, na hakuna aliyehitaji maelezo yangu.

Funga pia kipimo cha rangi, rangi moja imaanishe kiasi kile kile cha tope katika kila picha. Programu ikikipanga upya kwa kila picha, maji safi ya Februari yatapakwa kahawia ile ile ya mafuriko ya Novemba. Mimi hutumia QGIS, programu ya kuchora ramani, ambayo kuanzia toleo la 3.14 la 2020 ina kidhibiti cha wakati. Kila tabaka lazima liwe na tarehe yake. Sekunde 2 kwa picha zinatosha, ya mwisho ikae 5. Juu niliandika "Kusi" na "Kaskazi" kwa herufi kubwa kuliko za majina ya miezi. Na chapisha picha 4 kwenye karatasi moja uwagawie watu, kwani ya kwanza huwa imeshasahaulika ya mwisho inapofika.

Nahodha yule aliomba tena nisimamishe, safari hii kwenye vuli. Akasogea hadi kwenye shuka, akagusa mahali anapotega malema, mitego yake ya samaki, halafu anapoyahamishia tope linaposhuka. Sehemu zote mbili nimeziweka kwenye ramani ninayoichora sasa.