Sanduku moja, kijiji kizima

Mhariri, wiki hii mmeuliza kufanya kazi posta kukoje sa hizi ambapo watu hawaandikiani tena barua. Mimi niko kaunta na chumba cha kuchambulia barua tangu 1999, ofisi ya wilaya, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Wengi wanadhani kazi yetu ni kugonga mhuri. Kazi yenyewe ni kumtafuta mtu. Huku kwetu barua haiendi mlangoni, inaenda kwenye sanduku, na mara nyingi hilo S.L.P. wala si la mwenye barua, ni la shule ya msingi au la parokia, yaani kijiji kizima kinatumia namba moja. Unashika bahasha ina jina la mzee fulani, kwa mkono wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alishahamishwa toka mwaka jana, sasa hapo unafanyaje? Unakumbuka kuna mama anauza vitumbua stendi ni wa kijiji hicho hicho, unatoka unaenda kumuuliza. Hakuna semina niliyofundishwa hilo. Ilifika mahali nikawa najua miandiko ya watu, kuna kijana alikuwa Mererani kwenye machimbo, nikiona tu ile "S" yake ndefu najua leo mama yake atafurahi.

Halafu mani oda, yaani kutuma hela kwa njia ya posta. Mwisho wa mwezi foleni ilikuwa inatoka nje mpaka barazani, wazazi wanatuma ada, watoto wa mjini wanatumia wazee wao. 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania na baada ya muda si mrefu ile foleni ikakatika kabisa. Siwalaumu watu jamani, mtu alikuwa anapanda basi kutwa nzima kufuata elfu ishirini, sasa anaipata akiwa shambani. Ila wale bibi zetu niliwakosa sana.

Kuna kosa langu moja lazima nilitaje. 2003 nilichanganya 46 na 64, barua ya kujiunga na kidato cha tano ikaingia kwenye sanduku la mtu aliyekuwa safarini, ikalala humo wiki tatu. Binti anaipata wenzake wameshaanza masomo. Baba yake alikuja pale kaunta, hakufoka, akaniambia tu, "Mwanangu amelia sana, bwana posta." Alipokelewa shuleni baadaye, lakini tangu siku ile kila namba naisoma mara mbili huku kidole kiko juu yake.

Siku hizi kazi kubwa ni vifurushi. Mtu ameagiza kitu China anakuja na simu mkononi, namba ina herufi mbili, ya kwanza R, kisha tarakimu tisa, mwishoni CN. Namweleza hiyo CN ni nchi ilikotoka, ingekuwa imetoka kwetu ingeandikwa TZ, na hiyo R ya mwanzo ni rejista, ya EMS, ile huduma ya haraka, ingeanza na E. Ugomvi unakuja kwenye ushuru. Ushuru ni wa serikali kupitia TRA, Mamlaka ya Mapato, lakini anayetukanwa ni yule aliyekaa dirishani, na hili linaniuma kwa kweli, maana dada zetu pale kaunta wanaambiwa wezi kwa hela ambayo haiingii mifukoni mwao hata senti.

Anwani za makazi za 2022 zimesaidia, mitaa imepata majina, nyumba zina namba, postikodi ipo. Nazikubali sana. Ila ukifika huo mtaa ukauliza nyumba namba 12 watu wanakutazama tu, ukiuliza kwa Mama Neema unapelekwa mpaka mlangoni.

Juzi imekuja bahasha kutoka Oman, ya mzee mmoja ambaye miaka ya nyuma alikuwa anakuja kila Ijumaa kabla ya swala kuuliza kama kuna barua yake. Tulimzika mwezi wa nne. Mwanawe pekee aliyebaki huku naye alishahama, simu haipatikani, nimeulizia msikitini, nimeulizia sokoni, hakuna anayejua yuko wapi. Utaratibu ni kuandika sababu juu ya bahasha na kuirudisha kwa aliyeituma. Siku ya tatu leo iko mezani kwangu, bado naulizia.