Maswali ya Wasomaji: Dodoso la Kimataifa na Watoto wa Tanga

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Mjukuu wangu anasomea sheria chuo kikuu na anataka kufanya utafiti juu ya watoto wanaokinzana na sheria katika mji wetu. Amepewa dodoso linaloitwa la kimataifa, lakini makala alizonionyesha zote zinazungumzia London, Chicago na New Zealand. Je, elimu hiyo ni ya kimataifa kweli? Na je, kijana akipelekwa kuonyeshwa gereza hujirudi, kama wanavyodai wazee wenzangu?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mjukuu wako ana haki ya kutia shaka. Mahakama ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, na ni katika jiji hilo hilo wanasosholojia Clifford Shaw na Henry McKay walichora ramani za mitaa walikotoka vijana waliofikishwa mahakamani. Utafiti wa London ulioanza mwaka 1961 uliwafuatilia wavulana 411 hadi utu uzima, na ule wa Dunedin, New Zealand, ulianza na watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Ni kazi za kuheshimiwa, lakini vijana wa miji michache wamegeuzwa kuwa kipimo cha vijana wote.

Wapo waliojitahidi kupanua uwanja. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa nchi mbalimbali, nyingi zikiwa za Ulaya, wamekuwa wakiwauliza wanafunzi wenyewe, bila kutaja majina, makosa waliyoyatenda. Njia hiyo ina faida kubwa hata kwetu, kwa sababu faili la polisi huonyesha zaidi kazi ya polisi kuliko mwenendo wa watoto. Mtoto akikamatwa anaangua madafu kwenye shamba la mtu, mara nyingi shauri huishia kwa mjumbe: mzazi huitwa, hulipa, huomba radhi, na hakuna kinachoandikwa. Mwenzake aliyetenda kosa lile lile mbele ya kituo cha polisi hufunguliwa faili.

Shida inaanzia kwenye maneno. Tuseme dodoso linauliza, "Je, wewe una genge?" Mtoto ambaye mama yake anauza nyanya, bamia na mchicha barazani atajibu bila kusita kwamba analo, na kwamba hukaa hapo kila jioni akitoka shule, naye mtafiti asiyejua Kiswahili cha mtaani atamhesabu kuwa mhalifu. Msicheke, kwani hata Wazungu walikwama hapo hapo. Malcolm Klein, mtafiti wa magenge kutoka Marekani, alibaini kwamba nchi za Ulaya zilikana kuwa na magenge kwa kuwa zilikuwa zikijilinganisha na picha ya magenge ya Marekani, ilhali makundi yenyewe yalikuwapo. Watafiti wakaamua kuliacha neno lenyewe na kuuliza mambo yanayoonekana: mnakutana wapi, kundi limedumu muda gani, na kuvunja sheria ni sehemu ya utambulisho wenu au la.

Upande wa sheria ndio ulio wa kimataifa zaidi. Kanuni za Beijing za mwaka 1985, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za kushughulikia kesi za watoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 zimeacha alama katika Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilishauri mwaka 2019 kwamba umri wa kuwajibika kwa jinai usiwe chini ya miaka 14. Kwetu ni 10, na Uingereza yenyewe, upande wa England, ni 10 vilevile.

Kuhusu gereza, jibu ni hapana. Mpango wa kuwaonyesha vijana gereza ili waogope ulipata sifa Marekani miaka ya 1970, kwenye gereza la Rahway, New Jersey. Baadaye mtafiti Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio 9 yaliyowagawa vijana kwa bahati nasibu au kwa namna inayokaribiana nayo, wakakuta waliopelekwa kuonyeshwa gereza walitenda makosa zaidi ya wasiopelekwa. Yote yalifanyika Marekani, ndiyo. Hata hivyo, anayetaka kuwapeleka vijana wetu ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, si anayekataa.

Mjukuu wako alisome dodoso hilo kwa sauti mbele ya watoto watano au sita wa mtaani kwenu, na kila swali litakalowafanya watazamane aliandike upya. Aombe kibali mapema kabla ya kwenda kwenye mahabusi ya watoto, na daftari lake lisiwe na jina la mtoto hata mmoja.