Moret-sur-Loing Jumapili: shika meza kwanza, treni baadaye

Mkuu, usikate tiketi bado. Nimesoma ratiba yako mara mbili: mtoke Paris, Gare de Lyon, saa tano na nusu asubuhi, mfike Moret-sur-Loing saa sita na ushee, mzunguke mjini, mpige picha darajani, halafu "tutafute sehemu nzuri ya kula kando ya mto kwenye saa nane hivi". Mko watu watano, wewe na mkeo, mama yako na watoto wawili wa miaka sita na mitatu, na umesema mwenyewe mama ana sukari. Hiyo saa nane yako ndiyo itakayowaharibia siku. Saa nane mchana ya Jumapili, kwenye mji mdogo wa Ufaransa, jiko limeshafungwa. Usidhani ni suala la foleni. Hakuna anayepika. Nimeshapoteza Jumapili nzima kwa mpango wa aina hiyohiyo, ndiyo maana naingia bila salamu.

Elewa kwanza chakula cha mchana kinavyokwenda kule. Mgahawa unaanza kupokea watu saa sita kamili. Oda ya mwisho jikoni ni saa saba na nusu, au saa nane kasorobo kwa wenye moyo mkunjufu. Ukiingia saa nane kasoro dakika tano utakuta meza zimejaa, watu wanacheka, sahani za jibini zinapita, na utaamini umewahi. Hao wamekaa tangu saa sita na nusu, wako kwenye kitindamlo. Mhudumu atakwambia maneno manne, "la cuisine est fermée", yaani jiko limefungwa, na hapo hata umwoneshe mtoto anayelia, hatageuka. Wala si ubaguzi, maana najua wengine wetu ndiko mawazo yanakokimbilia. Mfaransa mwenzake akija muda huo anaambiwa hivyohivyo.

Sababu ipo, na ukiijua hutasahau. Soma kibandiko cha mlangoni. Mingi ya migahawa hii imeandikwa "fermé dimanche soir et lundi", yaani Jumapili jioni na Jumatatu hakuna kazi. Kwa hiyo mlo wa mchana wa Jumapili ndio zamu ya mwisho ya wiki kwa mpishi. Samaki na nyama alivyoagiza amevipigia hesabu viishe mchana huo, kwa sababu kitakachobaki kitamngoja hadi Jumanne. Tazama ule ubao wa chaki karibu na mlango: kufika saa saba na robo unaona mhudumu anapita na kitambaa, anafuta samaki, baadaye anafuta mwanakondoo, mwisho umebaki mstari mmoja. Mashine ya kukaangia chipsi nayo inazimwa mapema, kwa sababu mafuta lazima yapoe ndipo yamwagwe na mashine isuguliwe. Ukiomba chipsi za watoto saa nane, unamwomba awashe upya kitu alichokwisha kukifungia wiki.

Sasa mtego wetu sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Kibao kinaandikwa "12h00 – 13h45". Hiyo 12h ni saa sita mchana, na 13h45 ni saa nane kasorobo. Nimeshasikia watu waliosoma "12h" wakatulia, wakijua mgahawa unafunguliwa saa kumi na mbili jioni. Mwandikie mkeo kwenye simu saa za kwetu, na saa za kule pembeni, msije mkabishana mbele ya mlango.

Utasema basi mtanunua mkate na vitu vya kutia ndani. Wapi? Sheria ya kazi ya Ufaransa inaruhusu maduka ya vyakula kuweka wafanyakazi Jumapili hadi 13h, yaani saa saba mchana. Ndiyo maana supamaketi ya mji mdogo inafunga saa sita na nusu au saa saba. Kubwa chache zinaendelea na mashine za kujilipia, lakini ziko barabara kuu, kwa mwenye gari. Duka la mkate nalo linafunga kwenye saa saba, na kuanzia saa tano foleni imetoka nje, kwa sababu kila kaya inachukua bageti na keki ya Jumapili. Ukifika saa sita na dakika hamsini unapewa kilichobaki, na kinachobaki mara nyingi ni ile sandwichi ya siagi na paja la nguruwe. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, lakini kwa nini umfikishe mama yako hapo?

Saa nane na nusu kinachouzwa mjini ni kahawa, aiskrimu, waffle na chapati za maji zenye sukari au chokoleti. Na sifa ya Moret yenyewe ni pipi! Watawa wa kike wa Kibenedikto walianza kutengeneza pale sukari ya shayiri mwaka 1638, na hadi leo inauzwa, vipande vya rangi ya kaharabu kwenye makopo ya kupendeza. Mnunulie jirani zawadi. Ila mama mwenye sukari, aliyekunywa chai Paris saa mbili asubuhi, amefika saa nane hajala, na mji mzima unampa pipi na aiskrimu. Fikiria hilo kabla ya kufikiria picha.

Hapa ndipo ninapokasirika. Umeandika kwamba mwenye nyumba mnayopanga amekwambia "miji ya mtoni haihitaji kupangwa, nendeni tu mtapata". Mimi nililishwa maneno yaleyale na mwongozo mmoja wa mtandaoni, na kila mwaka naona video mpya inayarudia: mtu kasimama darajani, mto nyuma, vinu vya zamani, anasema acha siku ikuongoze. Hao hupiga picha Jumatano ya Julai, wawili, hawana mtoto wala mzee, na sandwichi iko kwenye begi. Kumwambia mtu aliyetoka Dar na familia yake ajiendee tu, Jumapili, bila kumtajia saa ya jiko, ni kumtupa mtu njiani. Mwenyeji anajua. Yeye mwenyewe Jumapili saa sita na nusu yuko mezani kwa mama mkwe wake. Kutaja ilikuwa sekunde tano tu!

Kwa hiyo kanuni ni hii, na nyingine zote zinaifuata: meza kwanza, treni baadaye. Ukishapewa saa ya meza ndipo unarudi nyuma kuhesabu treni. Nyinyi mko watano, na hiyo inaongeza ugumu. Migahawa ya kando ya maji imejaa meza za wawili na za wanne. Ili mkae watano lazima waunganishe mbili, na Jumapili mchana hawatafanya hivyo kwa mtu aliyetokea mlangoni wakati meza hizo zingeweza kuchukua makundi mawili.

Piga simu Jumatano au Alhamisi. Jumatatu hutapata mtu. Usipige saa sita hadi saa nane mchana wala usiku wakati wa chakula, watakukatia. Muda mzuri ni saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi kwa saa za kule. Dar mko mbele kwa saa moja majira yao ya kiangazi na saa mbili majira ya baridi, hivyo kwako ni kuanzia saa tano au saa sita. Namba za eneo la Paris zinaandikwa kwa kuanza na 01. Ukiwa nje unapiga +33, unaacha ile sifuri, unaendelea na 1. Sema polepole: "Bonjour madame, je voudrais réserver pour dimanche midi, cinq personnes, à midi et quart." Yaani unaomba meza ya Jumapili mchana, watu watano, na hiyo midi et quart ni saa sita na robo. Nimeichagua kwa makusudi. Wafaransa wengi wanaketi kati ya saa sita na nusu na saa saba, kwa hiyo mkitangulia kidogo mhudumu ana nafasi ya kuwasikiliza, jiko bado lina kila kilichoandikwa ubaoni, na watoto hawajaanza kusinzia. Ongeza "au bord de l'eau, si possible" kama mnataka kando ya maji, na umtajie jina lako herufi kwa herufi. Ukikuta mashine ya kurekodi, ujumbe ulioacha si meza. Meza ni pale mtu amejibu na kusema "c'est noté", yaani imeandikwa. Mkichelewa njiani pigeni simu, maana baada ya robo saa wengi wanampa mwingine.

Angalieni anwani pia. Moret iliunganishwa na majirani zake, na tangu 2016 jina la kiserikali ni Moret-Loing-et-Orvanne. Mgahawa wenye anwani hiyo unaweza kuwa mbali kabisa na mto. Fungua ramani uone kama uko ndani ya mji wa kale, kati ya malango yake mawili, Porte de Samois na Porte de Bourgogne, au karibu na daraja.

Mkishakaa: ile menyu ya bei nafuu unayoiona mtandaoni, ya mlo na kitindamlo, kwa kawaida ni ya Jumatatu hadi Ijumaa. Soma maandishi madogo, "sauf week-end et jours fériés", yaani isipokuwa wikendi na sikukuu. Jumapili utalipa zaidi, jipange. Maji ya bomba ni bure, omba "une carafe d'eau", yaani jagi la maji. Ukisema maji tu utaletewa chupa na utailipia. Mkate unakuja bila kuomba, huduma imo ndani ya bei. Kwa wasiokula nguruwe, lardons, vipande vidogo vya nyama ya nguruwe, vinajificha kwenye saladi na kwenye michuzi, na ile galette complète, chapati ya unga wa buckwheat, ina paja la nguruwe ndani, kwa hiyo sema "sans jambon, sans lardons" kabla hajaondoka na oda. Mkikuta friture, agizeni: visamaki vidogo vizima vimepakwa unga na kukaangwa vikakauka, vinaletwa na limau, unakula kichwa hadi mkia kama dagaa. Watoto wa pwani hawatauliza ni nini.

Ukikosa meza kabisa, usiende kubahatisha. Badilisha siku iwe ya chakula cha mkononi, lakini kinunuliwe asubuhi. Saint-Mammès, mji jirani pale mto Loing unapoingia mto Seine, kuna soko la Jumapili asubuhi ukingoni mwa maji. Nendeni na treni ya mstari R ya Montereau inayopitia Moret, mshuke kituo kimoja baada ya Moret. Msipande ya Montargis, hiyo inachepuka baada ya Moret na haifiki Saint-Mammès. Na kuna Montereau nyingine inayopitia Héricy, nayo haiwahusu. Muwe sokoni saa nne. Nunueni kuku wa kuchomwa kabla ya saa tano na nusu, maana kuku ndio huisha mwanzo, mkate, matunda, na kipande cha Brie de Melun, jibini la mkoa huohuo. Mbebe kisu na kitambaa cha mezani kutoka nyumbani. Halafu fuateni mto hadi Moret, kama kilomita mbili za tambarare, mle kwenye nyasi ng'ambo ya daraja mkiutazama mji. Mama akichoka njiani, mnakaa mnakula hapohapo. Ndiyo raha ya kubeba.

Treni kwa kifupi: Gare de Lyon hadi kituo cha Moret – Veneux-les-Sablons ni kama dakika 50. Nauli ya treni ni moja kwa Île-de-France nzima, yaani mkoa wa Paris, tangu Januari 2025, ilianza na euro 2.50 kwa safari, nusu kwa wa miaka sita, na wa miaka mitatu hailipiwi. Kila anayelipa awe na kadi yake ya nauli, Navigo Easy, hamwezi kupitisha watu wanne kwa kadi moja. Kutoka kituoni hadi lango la mji ni dakika 20 kwa miguu, kwa mama weka 30. Kwa meza ya saa sita na robo, ondokeni Paris saa tatu na nusu. Tazameni Jumamosi usiku kama kuna kazi za reli, maana wikendi mabasi yanachukua nafasi ya treni na saa nzima inapotea.

Uliuliza pia kuhusu mchoraji Sisley. Aliishi Moret hadi alipofariki Januari 1899, na kaburi lake liko hapohapo. Kanisa alilolichora mara nyingi miaka ya 1893 na 1894 lipo katikati ya mji, halifungi saa nane kasorobo kama jiko, kwa hiyo liwekeni alasiri, matumbo yakiwa yameshiba.

Taja tarehe ya Jumapili yenu. Kama ni ya mwisho ya Mei, ile kwa kawaida ndiyo Siku ya Mama kwa Wafaransa na meza za mtoni zinashikwa wiki nyingi kabla, basi funga uzi huu upige simu leo.