Nusu ya Njia: Safari Zetu Wawili Baada ya Kustaafu

Mzee wangu alistaafu mwaka mmoja kabla yangu. Sehemu kubwa ya ndoa yetu alipangiwa vituo vya mbali, mimi nikabaki Morogoro nikifundisha na kulea watoto. Tulipokutana nyumbani sote wawili, tumeshatimiza miaka 60, tukagundua tulikuwa tunajuana kwa likizo tu. Asubuhi chai, mchana redio, jioni taarifa ya habari, na maneno yameisha. Ndipo tukaanza kusafiri.

Wastaafu wenzangu huniambia safari ni za wenye fedha. Sisi gari letu ni Noah ileile tuliyokuwa nayo tukiwa kazini. Kiinua mgongo hatukukigusa kwa ajili ya gari, na wewe nakusihi usikiguse. Viti vya nyuma tunavilaza, juu yake tunaweka ubao na godoro la inchi 4. Tuna chandarua, dumu la maji la lita 20, ndoo yenye mfuniko na jiko dogo la gesi, ambalo haliwashwi ndani ya gari hata mvua ikinyesha. Usiku vioo viwili tunaviacha wazi kidogo ili hewa ipite. Kando ya barabara hatulali. Tunakwenda nyumba ya wageni au hosteli ya misheni, tunaomba kuegesha uani, tunalipia choo na bafu, na mlinzi tunamsalimia na kumweleza sisi ni nani. Mvi zetu hufanya kazi yote iliyobaki.

Lakini kabla ya kulala nje, anzeni na safari za kwenda na kurudi siku moja. Ya kwetu ya kwanza ilikuwa Bagamoyo, tukipitia Chalinze na Msata bila kuigusa foleni ya Dar es Salaam. Miaka yote nilifundisha watoto kwamba misheni ya pale ilianzishwa mwaka 1868, na kwamba mwili wa Livingstone ulipumzishwa hapo mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mwenyewe sikuwa nimefika. Mchana tukaenda Kaole, kwenye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale ya mawe. Tulipokaa kivulini mzee akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyougua malaria peke yake kituoni mwaka ambao mtoto wetu wa pili alizaliwa. Hakuniandikia asije akanitia wasiwasi. Miaka zaidi ya thelathini imepita ndipo naambiwa, tena chini ya mti Kaole! Nililia. Kwa hiyo anayeniuliza faida ya safari hizi, hiyo ndiyo faida ninayoijua.

Sasa kosa letu, maana hilo ndilo lililonifanya niandike. Safari ya Iringa tuliipanga kama tulivyokuwa tukisafiri tukiwa na miaka 40: kilomita kama 300, tunatoka Morogoro baada ya chakula cha mchana, tunalala Iringa. Barabara inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, na mule ndani lazima uende taratibu kwa sababu wanyama wanavuka, hasa jua linapozama. Giza likatukuta tukiwa bado mbali. Kufika mlima Kitonga, lori limekwama kwenye kona, magari yamejipanga juu na chini. Tulikaa pale kwa muda wa saa nne. Dawa za presha za mzee zilikuwa kwenye begi lililofunikwa na mizigo yote, na simu yangu haina chaji. Miguu yake ilivimba hata viatu vikakataa kuvulika. Sijawahi kuogopa vile.

Tangu siku hiyo tunakwenda nusu ya njia. Unavyodhani unaweza kufika kwa siku moja, gawa mara mbili. Tukienda Iringa tunalala mji wa Mikumi, asubuhi tunapita bonde la mibuyu, tunanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, na Kitonga tunaipanda jua likiwa juu. Saa kumi jioni gari limeshaegeshwa. Dawa ziko kwenye mfuko wangu wa mkononi, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa hizo na namba za watoto.

Jambo moja wazee huona haya kulisema: choo. Mzee alikuwa akiruka kidonge chake cha presha siku za safari, kwa kuwa kinamfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Daktari alimkanya vikali. Siku hizi anameza kama kawaida, na yeyote kati yetu akisema “simama”, gari linasimama bila kuulizana sababu. Hata kusiposemwa, kila baada ya saa moja na nusu tunashuka na kutembea kidogo.

Ule mwendo wa polepole ndio uliotufikisha Isimila, karibu na Iringa, penye nguzo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale, kisha Kalenga kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Zamani tungepapita tu.

Mwaka huu mzee ana mtoto wa jicho, haendeshi mpaka atibiwe, nami mwendo mrefu siuwezi peke yangu. Tumepumzisha Noah. Tutapanda treni ya umeme hadi Dodoma, halafu binti yetu atatupeleka Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Nimeshauliza, nikaambiwa kuna kupanda kilima. Mzee ameshachonga fimbo mbili, ya kwangu fupi kidogo.