Tafiti za serikali za tabianchi zinamfaa nini mtu wa chini? Mfano wa mwani Zanzibar

Mkuu umeuliza kama tafiti za serikali za mabadiliko ya tabianchi zina faida yoyote kwa mwananchi, au ni semina na posho tu. Posho zipo, tusidanganyane. Lakini mama yangu na wenziwe wanalima mwani pwani ya mashariki Unguja tangu miaka ya tisini, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Mwani unaolimwa kwetu ni kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei. Kuanzia miaka ya 2000 ikawa inakufa: mtu kaacha kamba zimejaa, bamvua linalofuata, maji yakipwa sana tena, anakuta matawi meupe, laini kama yaliyochemshwa, ukiyashika yanakatika. Wengine walisema husda, wengine wakazishuku hoteli. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndio waliofuatilia joto la maji. Maji yakipwa jua likiwa kali, yale machache yanayobaki shambani yanapata moto sana. Mwani unadhoofika, kisha maradhi na vijimea vinavyouparamia vinaumaliza. Wakashauri kotonii ipelekwe kina kirefu, kwenye kamba za kuelea au ndani ya nyavu ndefu ili mawimbi yasiing'oe.

Kitaalamu sina neno. Tatizo ni kwamba shamba la zamani mama analifikia kwa miguu, kanga kiunoni, maji yakipwa. Kina kirefu kinataka chombo, mtu wa kukiendesha, na kujua kuogelea. Wanawake wa rika lake wengi hawajui. Na chombo kikiwa cha mtu, mwenyewe atataka fungu lake, na kwa bei hizi za mwani mkulima atabaki na nini? Ukimpa nyavu bila chombo na bila mafunzo ya kuogelea, nyavu zitakaa uani.

Ndiyo maana wengi wamebaki na spinosamu, inayovumilia joto zaidi ingawa bei yake ni ya chini. Kilichoshika haraka ni kile ambacho hao hao watafiti walikihimiza kando ya hayo: kusaga mwani uliokauka na kutengeneza sabuni. Mche mmoja wa sabuni kwa mtalii unalipa kuliko kilo ya mwani mkavu kwa mnunuzi, na kazi yote inafanyika nchi kavu.