Fundi, nichukue helikopta ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nataka helikopta ndogo ya rimoti na sijawahi kurusha hata moja. Dukani kuna ya mapanga ya ngazi moja na ya ngazi mbili. Muuzaji anasema ya ngazi moja ndiyo ya kweli. Nichukue ipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muuzaji hajakudanganya, ila hiyo "ya kweli" iache kwanza. Chukua ya ngazi mbili. Mapanga ya juu huzunguka huku, ya chini kule, kwa hiyo bodi haivutwi kuzunguka nayo. Inatulia hewani hata ukiwa bado unatafuta vidole vyako. Ya ngazi moja inataka kusahihishwa kila mara. Ukizubaa imeshakwenda ubavu.

Syma S107G ni mfano mzuri: ina jairo, yaani kihisi cha kuituliza isizungukezunguke, na chaneli tatu, yaani kupanda na kushuka, mbele na nyuma, kugeuka kushoto na kulia. Kwenda ubavu haiwezi, usije ukairudisha dukani kwa hilo. Rimoti yake ni ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na jua kali huivuruga, kwa hiyo irushe sebuleni. Na uzime pangaboi! Upepo wake tu unatosha kuibamiza kabatini.

Ikielekea ukutani, shusha kijiti cha nguvu kabla haijagonga. Panga likikwama huku mota inasukuma, gia zinasagika. Betri ni ya lithiamu: iache ipoe ndipo uchaji, na usiiache kwenye chaji ukalala.

Kabla hujalipa, uliza kama wana mapanga ya akiba. Hawana? Nenda duka la pili.