Nimeirudia sigara baada ya siku 47: je, naanzia wapi?

SWALI

Ami, assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni, nina umri wa miaka 39, na sigara nilianza nikiwa na miaka 17, wakati mafundi wakubwa walipokuwa wakinituma dukani kuwanunulia zao. Kwa miaka mingi nimekuwa nikivuta sigara 15 hivi kwa siku, ya kwanza kabla sijatia chai mdomoni. Mwaka huu nilikata shauri kuacha, na kweli niliacha kwa siku 47. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa akija bandani kila jioni akitoka chuoni, akipiga mstari mmoja wa makaa kwenye taruma la mashua ninayoiunda, ili tujue nimefika wapi.

Usiku wa siku ya 47 nilikwenda Amu kwenye harusi ya binamu yangu. Baada ya chakula tulikaa barazani na wenzangu wa zamani, mairungi yakatandazwa, kahawa ikazungushwa, na yapata saa nane usiku mmoja wao akaninyoshea sigara aliyokwisha kuiwasha, akasema, “Moya tu, haina neno.” Niliivuta, nikapata kizunguzungu, wala sikuiona tamu. Asubuhi nilijiambia kwamba nimeshavunja, na aliyevunja kwa moja hana tofauti na aliyevunja kwa kumi, nikanunua pakiti nzima kabla ya kupanda mashua ya kurudi. Leo ni siku ya tisa na nimerudi pale pale nilipokuwa. Mwanangu hakuniuliza kitu. Ila haji tena na kipande chake cha makaa.

Linalonitatiza zaidi ni kwamba mwezi wa Ramadhani hufunga tangu alfajiri hadi magharibi na sigara siikumbuki sana, kwa hivyo nilidhani haijanishika. Je, nikubali kwamba nina nafsi dhaifu, au nijaribu tena? Na nikijaribu, naanzia wapi?

Fundi, Matondoni

JIBU

Mwanangu fundi, wa alaykum salaam. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimegundua kwamba ndani yake mna sigara mbili ambazo wewe umezihesabu kuwa moja. Ya kwanza ni ile uliyonyoshewa barazani usiku. Ya pili ni ile uliyoitoa asubuhi katika pakiti uliyoinunua kwa fedha zako, baada ya kujitolea hukumu. Ningependa tuitazame zaidi hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokurudisha.

Nikotini hufika katika ubongo sekunde chache tu baada ya kuvuta moshi, lakini pia huondoka upesi: kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyokuwamo katika damu huwa imekwisha. Ukiwa ulivuta saa nane usiku, na mashua yako iliondoka, tuseme, saa mbili asubuhi, basi nikotini iliyokuwa imesalia mwilini mwako ilikuwa kama sehemu moja kwa nane ya ile ya usiku. Sidhani kwamba kiasi hicho ndicho kilichokupeleka dukani. Kilichokupeleka ni neno lako mwenyewe, “nimeshavunja.” Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza kwa miaka mingi watu wanaoacha pombe na sigara, alilieleza jambo hili pamoja na mwenzake katika kitabu walichokichapisha mwaka 1985. Alitenganisha kuteleza mara moja na kurudia mazoea yote, akaonyesha kwamba mtu aliyejiwekea sharti la kutogusa kabisa, akiteleza hujiona si kitu, na kule kujiona si kitu ndiko kunakomvuta kutoka kwenye sigara moja hadi kwenye pakiti. Kwa hivyo hilo unaloliita udhaifu wa nafsi yako limewapata watu wengi mno kabla yako, na wataalamu wamekwisha kulipa jina.

Usinielewe vibaya. Sisemi, kama alivyosema rafiki yako, kwamba moja haina neno. Moja ina neno kubwa, maana ubongo uliozoea sigara kwa miaka 22 hauhitaji kukumbushwa mara mbili. Nisemalo ni kwamba baada ya hiyo moja ulikuwa bado na nafasi ya kusimama, na nafasi hiyo ungali nayo leo, ingawa itakugharimu zaidi kuliko ambavyo ingekugharimu asubuhi ile. Umevuta kwa siku tisa, mwili umezoea tena, na siku mbili tatu za kwanza za kuacha zitakuwa nzito kama zile za mara ya kwanza: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, na kiu inayokuja kwa vishindo. Kila kishindo hudumu dakika chache, kisha hupoa hata usipokipa kitu, na baada ya wiki mbili hadi nne vishindo huwa vichache. Haya uliyapita mara moja, kwa hivyo wewe unayajua kuliko mtu anayeanza.

Mashua ikivuja, wewe huipasui kuni. Unangoja maji yatoke, unaingia chini yake, unatafuta mshono uliolegea, unaukalafati kwa pamba na mafuta ya sifa, na ile mishono mingine iliyo mizima huigusi. Fanya vivyo hivyo na usiku ule wa harusi.

Mshono mkubwa ninaouona mimi ni mairungi. Mtafunaji hukesha, kinywa humkauka, mikono hukosa kazi, na kwa miaka mingi sigara ndiyo imekuwa mwenzi wa kila jani. Sitakuficha rai yangu: kwa miezi mitatu ya kwanza usikae penye mairungi wala muguka, hata kama wewe hutafuni. Harusini nenda, kula biriani, tazama kirumbizi, mpe bwana harusi mkono wa heri, kisha rudi ulale. Watakaosema umejitenga, waseme.

Kahawa nayo ina siri ambayo wengi hawaijui. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini kwa haraka zaidi, na mtu akiacha kuvuta kasi hiyo hupungua katika siku chache, hata vikombe vile vile alivyovizoea vikaacha kafeini nyingi zaidi katika damu yake. Yeye huhisi moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, usingizi ukikataa, akadhani ni kiu ya sigara, kumbe ni kahawa tungu aliyokunywa baada ya magharibi. Kama ulikuwa ukinywa vikombe sita, shuka hadi vitatu tangu siku ya kwanza ya kuacha.

Sasa nakuja kwenye Ramadhani. Hukujidanganya ulipoona kwamba mchana wa saumu sigara haikusumbui sana. Ulikosea tu katika kuifasiri. Kiu ya sigara hufuata sana matarajio: pale moyo unapojua kwa yakini kwamba mlango umefungwa hadi magharibi, kiu hupungua, na pale mlango unapofunguliwa, kama vile baada ya futari, humwagika yote kwa mara moja. Barazani ule usiku mlango ulikuwa wazi, na tena mtu amekushikia. Jaribu basi kuifunga milango mingine mapema, kabla ya kuifikia. Huyo rafiki aliyekunyoshea, mwendee mchana akiwa na kazi zake, mwambie waziwazi kwamba umeacha na kwamba asikupe hata ukimwomba. Wengi wanaotunyoshea sigara hutunyoshea kwa ukarimu, na ukarimu huo huo ndio utakaomfanya akunyime.

Mimi nilivuta kwa miaka 22, idadi ile ile yako, na nilifaulu kuacha katika jaribio la nne. Jaribio la tatu lilivunjika matangani, nyumbani kwa jamaa, na kwa muda wa wiki saba nilivuta nikijificha nyuma ya jiko, nikitafuna karafuu kabla ya kuingia ndani ili mke wangu asinuse. Alikuwa akijua tangu siku ya kwanza. Aliniambia baadaye kwamba harufu ya karafuu ndiyo iliyonisema, maana si kawaida ya mwanamume kutafuna karafuu saa kumi alasiri. Wiki saba zile nilizipoteza kwa aibu tu, na ndiyo sababu nakusihi usizipoteze zako.

Kuna pia msaada wa dawa, ambao naona hukuutumia. Kwa kuwa unavuta sigara ya kwanza mara tu uamkapo, nikotini imekushika sana, na mtu wa namna yako mara nyingi hufaidika akitumia kibandiko cha nikotini kwenye ngozi pamoja na chingamu ya nikotini, kuliko kimoja peke yake. Kibandiko hubandikwa mahali pakavu pasipo nywele, na mahali hapo hubadilishwa kila siku. Kwa kazi yako ya juani kibandike baada ya kuoga, jasho lisije likakibandua. Chingamu ya miligramu 4 ndiyo ya wale wanaovuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Wengi huitafuna kama peremende, wakapata kwikwi na kiungulia, wakaitupa. Inatafunwa polepole mpaka uhisi muwasho, kisha inawekwa kati ya shavu na ufizi mpaka muwasho uishe, ndipo inatafunwa tena. Usinywe maji ya ukwaju, ndimu wala kahawa robo saa kabla yake au ikiwa mdomoni, kwa sababu ukali wa vinywaji hivyo huzuia nikotini isipenye kinywani. Viko pia vidonge vya kuandikiwa na daktari, navyo havimfai kila mtu: bupropioni, kwa mfano, hapewi mwenye kifafa. Muulize daktari au mfamasia, na umtajie kama una maradhi ya moyo. Shisha na ugoro usivifanye daraja la kuvukia. Nikotini ni ile ile.

Unauliza kama inafaa kujaribu tena. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951 kwa muda wa miaka 50, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba wavutaji walioacha wakiwa na umri wa miaka 40 hivi walijipatia, kwa wastani, karibu miaka 9 ya maisha kuliko wale walioendelea. Wewe una 39.

Limebaki la mtoto. Usimngoje aulize. Mketishe bandani, umwambie kwamba ulivuta usiku wa harusi, ukanunua nyingine asubuhi, na kwamba unaacha tena siku fulani ya wiki hii. Itaje siku yenyewe, isiwe zaidi ya siku saba kuanzia leo. Ile mistari 47 usiifute, maana zile siku zilikuwa za kweli: kifua chako kilipumua, na moyo ulipumzika. Mistari mipya ianzie taruma la pili. Ila piga mwenyewe, na yeye apige akitaka. Mtoto wa miaka 11 asifanywe askari wa baba yake.

SWALI

Ami, kaka yangu anaendesha tuktuk hapa Malindi. Aliacha sigara kwa miezi mitano, lakini juzi nikitaka kumfulia nguo nilikuta kiberiti katika mfuko wa suruali, na yeye jikoni haingii. Mama anataka kumwita mbele ya wazee aape kwa Kur'ani. Mimi naogopa atazidi kujificha. Nimwambie nini?

Dada mtu, Malindi

JIBU

Mwanangu, hofu yako ni ya haki. Kiapo kinachotolewa kwa kulazimishwa hakimwachishi mtu sigara. Kinamfanya kila akiteleza awe na madhambi mawili ya kuficha badala ya moja, na mwenye kuficha hasaidiki. Mwombe mama, kwa adabu, aliahirishe baraza hilo.

Maneno ya kumwambia ni machache. Mwambie unajua, na umejuaje, usimzungushe. Mwambie kwamba miezi mitano si midogo. Kisha muulize, “Nini kilitokea?” na baada ya hapo nyamaza, hata kama atakawia kujibu. Huenda akakwambia ni abiria aliyemtukana, au deni, au usiku wa kungoja abiria pasipo abiria. Na huenda ikawa ni kibanda kilicho karibu na steji yake kinachouza sigara moja moja, jambo ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imelikataza, kwa kuwa pakiti haifai kuwa na chini ya sigara kumi, lakini vibanda vingi bado vinalifanya. Akiutaja mwenyewe mshono wake, ndipo muulize anataka umsaidie kwa lipi. Mmoja atataka apigiwe simu jioni, mwingine atataka aachwe. Nyumbani mna haki ya kumtaka asivute ndani kwa ajili ya watoto, lakini hilo lisemeni kando, lisichanganywe na lawama. Na ukimwona hali wala halali, au amejifungia asitake kuonana na watu, msimamie aende kwa daktari, maana hapo sigara huenda ikawa ni dalili tu ya jambo jingine.

Mifuko yake usiipekue tena. Na kile kiberiti mpe mkononi, mkiwa wawili tu, mama hayupo.